Niangalie Mimi

Mji mzima ulilala juu ya magodoro ya mtu mmoja. Hospitali, mabweni ya shule, nyumba za wageni, hata polisi wa zamu kule kituoni, wote walilaza mbavu zao kwenye mali yake, na mtu anayekulaza vizuri si rahisi kumsema vibaya. Watu walimwita Bwana Magodoro. Mwendesha mashtaka aliyepewa kesi yake naye alilala juu ya godoro hilo hilo, zuri, nene, alilojinunulia mwaka alioachana na mumewe. Tangu jalada lile litue mezani kwake, usingizi ulikuwa umempaa.

Wenzake ofisini walimwita Bi Msumari, kwa sababu akishika shauri hang'oki. Jina lilimfurahisha. Hakufikiria sana kwamba msumari, pamoja na sifa zake zote, hupigwa kichwani.

Shauri lenyewe halikuwa na mafumbo. Mshonaji mmoja wa kiwandani, mwanamke wa miaka ishirini na minne aliyekuwa akishona pindo za magodoro, aliitwa ofisini kwa tajiri jioni moja wenzake walipokwisha kutoka. Mlango ukafungwa kwa ufunguo. Tajiri alimwingilia kwa nguvu, na yule mwanamke alipotoka hakwenda nyumbani kuoga. Alikwenda polisi, akapelekwa kwa daktari, akasema yaliyompata. Hapo ndipo lilipoanzia. Halafu likaanza kupungua, kama mashauri yanavyopungua mshtakiwa akiwa na uwezo. Daktari alipata nafasi ya masomo ng'ambo. Mlinzi wa lango, aliyemwona akitoka analia, alipata kazi mji wa mbali. Fundi wa mashine, aliyesikia kelele, sasa alikumbuka kwamba siku ile alikuwa na mafua na masikio yake yote mawili yalikuwa yameziba. Mafua ya namna hiyo hayana dawa.

Akabaki mshonaji na mdomo wake. Sheria iliruhusu mahakama kumwamini yeye peke yake, mradi aseme. Akisema, kesi ipo. Akinyamaza, Bwana Magodoro anakwenda nyumbani kula chakula cha mchana.

Usidhani kuna mtu alimjia Bi Msumari na bahasha. Afadhali wangekuja, maana bahasha angejua cha kuifanya. Kilichokuja ni upole. Mkuu wa ofisi, mzee aliyekuwa akiungojea ustaafu kama mtu anayengojea mvua ikatike, hakuwahi kumwamuru mtu jambo. Yeye alikuwa akishangaa tu.

"Nashangaa, Dada," alimwambia, akikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. "Kwa nini tusibadilishe mashtaka? Tuseme shambulio la kawaida. Atakiri, atalipa faini, na yule binti aendelee na maisha yake."

"Maisha gani hayo, Mkuu?"

"Mimi nashangaa tu."

"Basi acha niendelee na mashtaka yaliyopo wakati wewe unashangaa."

Mkuu alicheka. Walikuwa wakiheshimiana. Lakini tangu siku ile chakula cha mchana kikaanza kuliwa mapema. Watu wa ofisi ile walikuwa na desturi ya kula pamoja kwenye baraza la nyuma, kila mmoja na kibakuli chake, wakichangiana pilipili na umbea. Sasa Bi Msumari akitoka na kibakuli chake alikuta viti vimerudishwa ukutani na mtu mmoja anafuta meza, anayemwambia, "Ah, Dada, leo tumekula mapema." Kesho yake tena mapema. Akaacha kutoka, akawa anakula mezani kwake, mbele ya jalada, akisikia vicheko vyao kupitia dirisha la choo.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mdogo wake, tumbo moja, mtu aliyelala naye kitanda kimoja mpaka wakawa wasichana wakubwa, alikuwa ameolewa na mhasibu wa kile kiwanda. Alimpigia simu mara moja tu kuhusu jambo lile.

"Dada, wanangu wanasoma kwa mshahara wa nani?"

"Wa baba yao."

"Na baba yao analipwa na nani?"

Jibu alilokuwa nalo Bi Msumari lilikuwa la mahakamani, halifai kupewa mdogo wako. Baada ya hapo Jumapili hakuna aliyebisha hodi kwake. Watoto wa mdogo wake walizoea kuja kumtimulia vumbi sebuleni na kumfungulia friji bila ruhusa. Sasa friji ilifunguliwa na yeye peke yake. Aliumia, tena aliumia sana, na hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba ameumia.

Labda ndiyo maana alikosea pale alipokosea. Mtu mpweke akipata wa kumhitaji, hutoa ahadi kubwa kuliko mfuko wake.

Alikuwa na namna yake ya kuwaandaa mashahidi. Hakuwafundisha maneno, hilo ni haramu, na zaidi ya hapo alijua maneno ya kufundishwa hunuka mbali. Yeye aliwafundisha chumba. Saa ya mapumziko, mahakama ikiwa tupu, alimwingiza shahidi, akamwonyesha hapa anakaa hakimu, hapa karani, hapa utasimama wewe, ushike mbao hii kama miguu inakosa nguvu. Siku ile alimwingiza mshonaji. Alikuja na shangazi yake, mama mnene asiyesema sana, ambaye alibaki mlangoni akilinda kana kwamba tajiri angeweza kutokea chini ya meza.

"Na yeye atakaa wapi?" mshonaji aliuliza.

"Pale. Usihangaike na pale. Wewe utaangalia hapa." Bi Msumari akaweka mkono juu ya kiti cha mwendesha mashtaka, kiti cha mbao chenye mto uliobonyea. "Ukitetereka, angalia kiti hiki. Mimi nitakuwa nimekaa hapa. Niangalie mimi, useme na mimi, kama tunavyoongea sasa."

Mshonaji alikitazama kile kiti kwa muda. Vidole vyake vilikuwa vikisugua ukingo wa mbao, kama mtu anayetafuta mshono uliofumuka.

"Na usipokuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Wote walisema watakuwepo, mama. Yule mlinzi alisema. Fundi alisema."

"Mimi nitakuwepo," alisema Bi Msumari.

Miaka yake yote ya kazi hakuwahi kumwahidi mtu hukumu. Hukumu ni ya hakimu. Lakini kiti chake mwenyewe aliona anaweza kukiahidi.

Wiki moja kabla ya ushahidi, Mkuu alimwita akamshangaa kwa mara ya mwisho. Alisema anashangaa jinsi kesi za barabarani zilivyorundikana kule mahakama ndogo ya ng'ambo ya ua, na jinsi zinavyohitaji mtu mzima, mwenye uzoefu. Uhamisho ulikuwa umeshatiwa saini. Jalada la Bwana Magodoro lingekwenda kwa mwenzake ambaye ofisi nzima ilimwita Tai, kwa sababu ya tai zake za shingoni, alizozibadilisha kila siku na kuzinyoosha kila dakika.

"Na usionekane kule, Dada," Mkuu alisema, safari hii bila kushangaa hata kidogo. "Wala usizungumze na shahidi. Ukionekana, nitalazimika kuandika kwamba umekaidi."

Tai alikuja kuchukua jalada akiwa anaangalia sakafu. Bi Msumari ndiye aliyemfundisha kazi. Ndiye aliyemwonyesha namna ya kusimama, ya kunyamaza, ya kumwacha shahidi apumue.

"Mimi ni mtu mdogo, Dada," alisema.

"Utaomba shauri lisikilizwe faragha?"

"Nitaangalia."

"Usiangalie. Uombe. Wataijaza ile mahakama watu."

Tai akanyoosha tai yake, akaondoka na jalada kwapani.

Usiulize kwa nini Bi Msumari hakumpigia simu mshonaji. Alijiuliza mwenyewe kila siku. Alijua kwamba mwendesha mashtaka akizungumza na shahidi wa kesi ambayo si yake, wakili wa tajiri atapewa panga na kuonyeshwa shingo. Kwa hiyo alitii. Alishinda kule mahakama ndogo akishughulika na mabasi yasiyo na breki na pikipiki zisizo na taa, amekaa kwenye kiti ambacho mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, na kila alipofikiria uso wa yule binti akiingia mahakamani na kumkuta mtu mwingine pale, alijikuta ameandika namba ya basi mara mbili.

Siku ya ushahidi ilipofika alimwomba hakimu wake aahirishe kesi ya basi, akasema ana udhuru. Akavuka ua. Alijua anavuka nini.

Mahakama ilikuwa imejaa pomoni. Kiwanda kilikuwa kimewaleta wafanyakazi wake kwa basi, wote wamevaa fulana za kampuni, na kati yao alimwona shemeji yake, mhasibu, amekaa wima kama anapigwa picha. Tai hakuwa ameomba faragha. Bi Msumari akajibana kwenye benchi la mwisho kabisa, karibu na ukuta. Jirani yake alisogea kidogo kumpa nafasi, kisha alipomtambua akasogea zaidi.

Mshonaji akaitwa. Alipanda kizimbani, akaapa, akashika ile mbao. Halafu, kama alivyofundishwa, akageuza macho kwenye kile kiti.

Bi Msumari aliuona uso wake kutoka kule nyuma. Ulifungika.

Tai aliuliza jina, akauliza kazi, na sauti ya kujibu ilikuwa ndogo mno, karani akaomba arudie. Tai mwenyewe hakuwa akimtazama. Alikuwa amezama kwenye karatasi zake.

"Ieleze mahakama kilichotokea jioni ile."

Mtu akakohoa. Kwenye fulana za kampuni mtu mwingine akacheka kwa pua.

"Binti, tunakusubiri," alisema hakimu, si kwa ukali.

Bwana Magodoro alikuwa ameshaanza kukunja leso yake, taratibu, kama mtu anayejiandaa kuondoka mezani. Macho ya mshonaji yalianza kutangatanga, yakapita kwenye fulana, yakapita kwa shangazi, yakafika ukutani kule nyuma, yakasimama.

"Aliniita," akasema. "Wenzangu walikuwa wameshatoka. Alimtuma mlinzi aniite."

Bi Msumari akainama mbele kusikiliza. Sauti iliongezeka kidogo. Mshonaji alisema kuhusu ngazi, kuhusu mlango, kuhusu ufunguo uliozungushwa, na kila alipomaliza jambo alisubiri kidogo, kisha akaendelea.

Wakili wa utetezi akasimama. Alikuwa mtu wa adabu, tena waliwahi kutaniana na Bi Msumari miaka na miaka. Ndiye aliyekuwa akimwambia, "Wewe ukitikisa kichwa tu, najua mteja wangu kaumia," naye akidhani ni utani.

"Mheshimiwa, kwa heshima zote, kuna mtu kule nyuma anamwongoza shahidi kwa kichwa."

Vichwa vyote viligeuka. Hakimu akatazama juu ya miwani.

"Wewe mama pale mwisho. Una shauri hapa leo?"

Bi Msumari akasimama. "Hapana, Mheshimiwa."

"Ulikuwa unatikisa kichwa?"

Alitaka kukana, na angekana kwa moyo safi. Lakini shingo yake ilikuwa bado ina joto la kutikiswa. Miaka yote ile alikuwa hajui.

"Inawezekana, Mheshimiwa."

Fulana zikacheka. Shemeji hakucheka, alitazama viatu vyake. Hakimu alisubiri kicheko kiishe, kisha akawatazama waliocheka, benchi kwa benchi, kana kwamba ndiyo kwanza anawaona.

"Na ninyi? Ninyi mna shauri gani hapa?" Akamgeukia Tai. "Mwendesha mashtaka, hili ni kosa gani?"

Tai akasimama akalitaja kosa.

"Na hukuomba lisikilizwe faragha?"

"Ilinipitia, Mheshimiwa."

"Ilikupitia." Hakimu akaweka kalamu chini. "Shangazi wa shahidi abaki. Watazamaji wengine wote nje. Na yule mama wa kichwa awe wa kwanza."

Wakili akakaa. Mtego alioutega ulikuwa umenasa watu wake mwenyewe. Lakini Bi Msumari hakuona cha kushangilia. Alipokuwa akisukumwa na umati kuelekea mlangoni aligeuka, akamwona mshonaji akimtazama anavyotoka, kwa uso wa mtu aliyeona jambo hili mara nyingi na sasa amechoka kulishangaa. Mlango ukafungwa.

Kwenye ukumbi wa nje kulikuwa na mabenchi ya mashahidi. Bi Msumari alikaa kwenye moja, na benchi lile, ambalo lingetosha watu wanne wakibanana, likabaki lake peke yake, huku fulana zikisimama kwa kukosa nafasi. Mara ngapi alikuwa amemwambia mtu, "Subiri hapo, utaitwa"? Hakuwahi kukaa hapo. Hakujua kwamba kutoka pale husikii kitu, hata sauti tu, na kwamba macho hayana pa kwenda isipokuwa kwenye kitasa cha mlango.

Alijilaumu. Kama asingekuja, labda binti angenyamaza na ingekwisha. Alikuja, binti akaanza, naye akamwachia katikati ya habari, ufunguo umeshazungushwa mlangoni. Hakuna mahali pabaya zaidi pa kumwachia mtu. Na sasa wakili angeweza kusema mpaka siku ya rufaa kwamba shahidi aliongozwa. Wema wake ulikuwa umemtia doa yule aliyemtakia mema.

Fulana zilichoka, zikaanza kutoka moja moja kuelekea kwenye basi. Shemeji alikuwa wa mwisho. Alisimama mbele yake, mikono mfukoni.

"Umejiumiza bure, Dada."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo." Alitaka kuongeza neno, ikaonekana. "Mdogo wao ameng'oka jino," akasema, akaenda zake.

Alikaa sana. Mwishowe mlango ulifunguliwa na wakili akatoka, simu sikioni, akampita bila utani. Akafuata Bwana Magodoro, leso yake imekuwa kitu cha kufutia shingo. Hakumtazama mtu. Kisha akatoka mshonaji, ameshikwa mkono na shangazi yake.

Bi Msumari akainuka.

"Ulisema utakuwepo," alisema mshonaji.

"Nilisema."

"Ukatoka."

"Nilitolewa. Lakini aliyekuahidi ni mimi, na sikuwa na haki ya kukuahidi. Nisamehe."

Mshonaji alimtazama. Macho yalikuwa mekundu na makavu.

"Sijui, mama. Sasa hivi sijui. Nimesema yote. Nataka kwenda kulala."

"Twende, mwanangu," alisema shangazi, na wakaenda, polepole, shangazi akiweka mwili wake mkubwa upande wa jua. Bi Msumari aliwatazama mpaka walipopinda. Alijua hatamwona tena isipokuwa kwa mbali, na kwamba hakuwa anamdai hata shukrani.

Tai alitoka wa mwisho. Tai yake ya shingoni ilikuwa imelegea na haikunyooshwa. Alisimama pale ukumbini kana kwamba amesahau ofisi iko upande gani.

"Niliagizwa niulize maswali machache tu, halafu nikae," alisema, bila kuulizwa. "Akishindwa kujibu, nikae. Ulipotoka nikajua ndiyo imekwisha. Nikauliza swali langu la mwisho, nikataka kukaa." Akasugua uso. "Akaniangalia, Dada. Si hakimu, si yule tajiri. Mimi. Nikashindwa kukaa. Nikauliza jingine. Akajibu, bado ananiangalia. Kila nikitaka kukaa, ananiangalia."

"Ukauliza mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho. Hakimu ameandika mpaka akaomba aupumzishe mkono. Wakili naye alimhoji, mara tatu akamwambia ameongozwa. Kila mara anarudia yale yale, macho kwangu." Alikaa kwenye benchi bila kukaribishwa, karibu kabisa na Bi Msumari, mtu wa kwanza kufanya hivyo tangu sijui lini. "Kwa nini mimi? Alijua fika kwamba sikuwa upande wake."

Bi Msumari alifikiria kile kiti chenye mto uliobonyea, na mkono wake juu yake.

"Nilimwambia amwangalie atakayekaa pale," alisema. "Nilidhani ni mimi."

Simu ikalia mfukoni mwa Tai. Aliitoa, akaona ni Mkuu, akaishika mkononi bila kuipokea. Ililia mpaka ikakoma.

"Huko kwenye kesi za barabarani," akauliza, "kuna kiti kingine?"

"Kipo. Nacho mguu wake mmoja mfupi. Utaweka karatasi chini."

"Na chakula cha mchana mnakula saa ngapi?"

"Nakula peke yangu," alisema Bi Msumari. "Saa yoyote."

Simu ikaanza kulia tena, nao wakakaa wakiingoja ikome.